Kutoka Mau Hadi Ziwani: Picha za Magari ya Mizigo

Mji wa Kisumu upo mahali ambapo nchi kavu hukoma na maji huanza. Mtu akisimama gatini asubuhi huona mambo mawili kwa pamoja: mbele yake Ziwa la Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, limetulia kama maji ya mtungini, na miguuni pake reli mbili za chuma, zenye nafasi ya meta moja kati yake, zikienda mpaka ukingoni mwa maji. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina la mji lilitokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kwenda kubadilishana vitu ili kupata chakula. Kama ndivyo, basi mahali hapa palikuwa pa biashara kabla ya reli. Reli haikuanzisha biashara hiyo, bali iliifuata na kuikuza.

Wengi wachukuao kamera wafikapo Kisumu huielekeza ziwani. Hupiga picha za wavuvi wa Dunga, za kiboko, na za jua lituapo nyuma ya matanga. Picha hizo ni nzuri, wala hakuna wa kuzilaumu. Lakini wapo wachache, wenyeji na wageni, wageuzao kamera upande wa pili. Wao huyatafuta magari ya mizigo. Huamka alfajiri kabla ya jogoo la pili, hupanda vilima vya Koru na Fort Ternan wakiwa na maji na mkate mfukoni, hukaa majanini saa tatu au nne, ili wapate picha moja ya treni iliyobeba saruji au mafuta. Jirani zao huwacheka. Husema mtu mwenye akili hawezi kuacha kazi zake akangojea mabehewa machafu.

Hata hivyo kazi hiyo si ya upuuzi. Gari la abiria huonyesha watu wanakwenda wapi. Gari la mizigo huonyesha nchi inaishi kwa nini. Mkulima aliyepakia mahindi yake, na karani aliyeandika hati ya mzigo, wote wawili wamo katika picha ile, ingawa hawaonekani. Swali lililobaki ni kama kuna mtu atakayewakumbuka.

MZIGO KICHWANI, KISHA MZIGO RELINI

Kabla ya reli, karibu kila kitu kilichotoka pwani kikafika ziwani kilikuja juu ya vichwa vya watu. Pagazi mmoja alichukua ratli sitini hivi, na safari yake ilikuwa ya miezi, si ya siku. Meli ndogo iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa mpaka Mombasa. Vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi katika njia ya bara, na hatimaye meli ikaunganishwa na kushushwa majini hapo Kisumu mwaka 1900. Hivyo meli ilitangulia, reli ikaja baadaye.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Waafrika nao walikata misitu, wakachimba udongo, wakabeba mawe. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 mpaka ulibadilishwa, na mji ukaingia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Ndiyo sababu reli iliyo Kenya yote iliitwa Reli ya Uganda.

Wala haikupita katika nchi isiyo na wenyewe. Wanandi walipigana na Serikali ya Kiingereza miaka mingi, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya reli, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwezi wa Oktoba 1905, siku aliyokuja kuonana na afisa wa Kiingereza. Baada ya hapo Wanandi walihamishwa kutoka sehemu za ardhi yao zilizokuwa karibu na njia ya reli. Mtu apigaye picha katika vilima hivyo yafaa akumbuke kwamba mandhari yaliyo mbele ya kamera yake yana historia, na kwamba wajukuu wa watu wale wangali wakiishi hapo.

Kamera ilikuwapo tangu mwanzo. Mpiga picha William D. Young alipiga picha nyingi za ujenzi wa reli hiyo, na picha zake zimetumika katika vitabu tangu siku zile mpaka leo. Picha nyingine ijulikanayo sana ni ile ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia kazi ya kulaza reli, akiwa na nyundo mkononi siku ya kukamilisha njia hapo ziwani. Kituo cha mwisho kikaitwa Port Florence, ingawa jina la Kisumu lilirudi na kudumu. Jina la bibi huyo limehifadhiwa. Majina ya watu waliobeba reli ile ya mwisho mabegani na kuilaza mahali pake hayakuandikwa chini ya picha.

MTEREMKO WA MAU

Kutoka Nakuru mpaka Kisumu njia ya reli ni kilometa 217, yaani maili 135 hivi. Treni ikitoka Nakuru hupanda kupitia Njoro na Molo mpaka Mau Summit, ambako reli imefika futi 8,322 juu ya bahari. Kutoka hapo huanza kuteremka. Ziwa lipo futi 3,700 hivi juu ya bahari. Basi katika mwendo usiotimia maili mia moja treni hushuka zaidi ya futi 4,600, na ile irudiyo hupanda zote hizo tena.

Mahali penye mteremko mkali, reli hushuka futi mbili kwa kila futi mia za mwendo. Kwa mwenye baiskeli hilo si jambo kubwa. Kwa treni ni jambo kubwa sana, maana gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama mpira ushikavyo barabara. Umande wa asubuhi ukiwa juu ya reli, magurudumu ya injini huzunguka mahali pamoja bila kwenda mbele. Kwa hiyo kila injini huchukua mchanga mkavu, na dereva huumwaga kidogo kidogo mbele ya magurudumu ili yapate kushika. Mtu akifuata reli kwa macho huko juu huona alama nyeupe za mchanga, naye hujua kwamba hapo treni ilishindana na mlima.

Mabonde ya Mau yalikuwa taabu kubwa kwa wajenzi. Maji ya mvua yamechimba makorongo marefu, na reli haiwezi kushuka na kupanda kama njia ya mbuzi. Madaraja 27 ya chuma yenye miguu mirefu yaliagizwa kutoka Kampuni ya American Bridge ya Marekani. Vipande viliundwa huko, vikaletwa kwa meli, kisha kwa reli yenyewe mpaka mlimani, na mafundi wakavisimamisha. Baina ya Kipkelion, ambayo zamani iliitwa Lumbwa, na Fort Ternan, reli hupenya chini ya mlima katika njia iliyotobolewa mwambani, hata wakazi wa jirani huita mahali pao Tunnel.

Mwanzoni mzigo wote wa Uganda, pamba na kahawa ya kwenda na nguo na vyuma vya kuja, ulipita mteremko huu na kuvushwa ziwani kwa meli. Mambo yalibadilika mwaka 1931, reli nyingine ilipokamilika kutoka Nakuru kupitia Timboroa, mahali palipo juu ya futi 9,000, na Eldoret, mpaka Kampala. Kisumu, iliyokuwa mwisho wa njia kuu, ikawa mwisho wa tawi. Hata hivyo mlima haukupungua, na watu wa reli waliendelea kupambana nao kila siku.

JUA NA MAHALI PA KUSIMAMA

Mwenye kutaka picha njema ya gari la mizigo hana budi kuanza kwa kulijua jua. Kisumu ipo karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini, na kivuli cha injini huanguka chini ya injini yenyewe. Magurudumu na vyuma vyote vya chini, ambavyo ndivyo vifanyavyo kazi, huonekana weusi mtupu. Saa zifaazo ni kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi mpaka karibu na magharibi. Alasiri, mawingu ya mvua mara nyingi hukusanyika juu ya ziwa na vilima, na aliyengojea kutwa anaweza kurudi nyumbani na picha ya radi tu.

Jambo la pili ni upande treni iendako. Njia hii kwa jumla hutoka mashariki kwenda magharibi. Treni iteremkayo Kisumu asubuhi huwa na jua mgongoni, na uso wake huwa gizani. Ile ipandayo kutoka ziwani asubuhi huelekea mashariki, nayo humulikwa usoni. Ikawa bahati njema kwamba treni ipandayo ndiyo ifanyayo kazi nzito. Basi mpiga picha mwenye ujuzi huliombea gari zito la asubuhi litokalo Kisumu kwenda Nakuru, na la jioni lishukalo.

Lakini reli ya mlimani haina msimamo. Hupinda kushoto, hupinda kulia, na mahali pengine hurudi karibu ielekee ilikotoka ili kuzunguka bonde. Mtu asimamapo ndani ya kona huona injini na mabehewa yake yote kwa mara moja, kama siafu wafuatanao. Asimamapo nje ya kona, upande mpana, huona injini peke yake. Ndiyo sababu wenye kazi hii huitembea njia siku moja kabla, wakitazama kila kona na kuuliza wenyeji. Mchungaji wa ng'ombe aweza kumwambia mgeni jambo ambalo ratiba ya stesheni haimwambii: sauti ya treni husikika kutoka wapi kwanza, na hukawia muda gani kabla haijatokea.

Tena pana sheria zisizopaswa kuvunjwa. Mtu asisimame juu ya reli wala juu ya daraja kwa sababu ya picha. Treni nzito iteremkayo haiwezi kusimama ghafula. Dereva akimwona mtu mbele huwa amekwisha kuchelewa. Stesheni, madaraja na bandari ni mahali palindwapo, kwa hiyo aombe ruhusa kwanza kwa wakubwa wa mahali. Na mwenye shamba ambalo atasimama ndani yake aombwe kwa adabu, wala mahindi yake yasikanyagwe. Mpiga picha mmoja asiye na adabu huwafungia njia kumi wajao nyuma yake.

INJINI ZILIZOKWISHA KUPITA

Katika miaka ya 1970 wageni wengi walikuja Kenya kwa haraka. Injini za moshi zilikuwa zikiondolewa duniani kote, na za Afrika ya Mashariki zilisifiwa kuliko nyingi. Iliyopendwa zaidi ni aina iitwayo Garratt, kwa jina la mhandisi Herbert William Garratt aliyeibuni. Injini hiyo ina boila kubwa katikati, na mbele na nyuma yake, sehemu mbili zenye magurudumu ambazo hugeuka kila moja peke yake. Kwa hiyo huweza kuwa ndefu na yenye nguvu, na bado ikapinda katika kona za mlimani kama nyoka.

Garratt za kwanza zilikuja Kenya mwaka 1926. Zile kubwa kabisa, za aina ya 59, ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Hazikuwa na mfano katika reli za upana wa meta moja popote duniani. Hizo zilitumika hasa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli ni nene zaidi. Moja yao, Mount Gelai, huonekana katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Picha za siku zile zinaonyesha moshi mweusi ukiinuka juu ya miti. Mtazamaji husema, "Lo! Uzuri ulioje!" Aliyekuwa ndani ya injini hakuuita uzuri. Injini hizo zilichoma mafuta mazito, na masizi yalishika ndani ya mabomba ya boila. Mtia moto alitupa mchanga ndani ya moto ili usugue mabomba, na moshi mweusi ukatoka kwa nguvu. Joto lilikuwa kama la tanuri, usiku wa Mau baridi ilikuwa ya kutetemesha, na mtu alikuwa kati ya hayo mawili saa nyingi mfululizo. Kwa miaka mingi madereva wa injini kubwa walikuwa Wazungu na Wahindi, hasa Makalasinga. Waafrika walitia moto, walifunga mabehewa, walishika bendera na kutengeneza njia. Baadaye wengi wao walipanda wakawa madereva. Lakini katika picha za wageni, injini huandikwa namba yake, aina yake na mwaka wake, na mtu aliye dirishani haandikwi kitu.

UWANDA WA KANO

Treni ikitoka Muhoroni huwa imemaliza mlima. Hapo uwanda wa Kano hufunguka, na hewa hubadilika. Baridi ya Londiani husahaulika, na jasho huanza. Pande zote mbili ni miwa. Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos: majina ya stesheni hizi ni majina ya kazi ya sukari. Kiwanda cha Miwani kilianza katika miaka ya 1920, na vile vya Muhoroni na Chemelil vilifuata katika miaka ya 1960. Kwa muda mrefu sukari na molasi zilipakiwa hapa.

Kwa mpiga picha, uwanda ni mgumu kuliko mlima. Hakuna kona wala daraja refu, na miwa ikikua huficha kila kitu ila paa za mabehewa. Wenye hekima hungoja mahali barabara ikatapo reli, ambako akina mama wenye vikapu, waendesha baiskeli na ng'ombe husimama pamoja kungoja treni ipite. Picha ya namna hiyo husema mengi. Kando ya treni wapo watu ambao miwa yao, au ya jirani zao, ilifanya reli iwe na kazi.

Uwanda huu una adui wake, nayo ni mafuriko. Mto Nyando na mito mingine hushuka kutoka vilimani na kutapakaa, na mara nyingi maji hula kokoto chini ya mataruma. Hapo ndipo watu wa gengi, wale watembeao na nyundo, koleo na miti ya chuma, huitwa usiku na mchana. Treni isipopinduka, hakuna amsifuye mtu wa gengi. Picha yake pia haitafutwi, maana amesimama tu na koleo lake kando ya njia.

MABEHEWA YAPANDAYO MELINI

Katika miaka ya 1960 ziliundwa Scotland meli mbili, Umoja na Uhuru, zenye reli juu ya sitaha zake. Mabehewa yapata ishirini yaliweza kusukumwa kutoka gatini mpaka ndani ya meli, yakafungwa kwa minyororo, yakavushwa ziwani na mzigo wake bila kupakuliwa. Huku Kisumu, kule Mwanza, Jinja na Port Bell. Mzigo uliofungwa Mombasa ulifunguliwa ng'ambo ya ziwa. Kwa mpiga picha hapana mahali pengine Kenya ambapo mtu aweza kuona treni ikiingia tumboni mwa meli.

Kazi hiyo hufanywa polepole. Mabehewa hayawezi kuingizwa upande mmoja tu, kwani meli itainama. Huingizwa machache kulia, machache kushoto, na mtu mwenye bendera husimama mahali ambapo dereva na mabaharia wote humwona. Mkono wake ukikosea, behewa laweza kwenda majini. Mwenda pole hajikwai, na hapa methali hiyo ni sheria ya kazi.

Kisha ikaja miaka ya ukimya. Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikachukua mabehewa yake. Malori yalizidi barabarani. Magugu maji yalifunika ghuba ya Kisumu tangu miaka ya 1990, hata meli nyingine hazikuweza kutoka. Meli ya Uhuru ilisimama zaidi ya miaka kumi. Mlimani majani yaliota kati ya mataruma, na watoto wa Koru walikua bila kusikia filimbi ya treni.

Mambo hayo hayakutokea Kenya peke yake. Katika Amerika ya Kati, ambako reli za milimani zilichukua kahawa na ndizi kwenda bandarini, njia ya kutoka San José kwenda Limón, nchini Costa Rica, iliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1991. Na huko Guatemala treni za mizigo zilikoma mwaka 2007. Walioziona zikipanda milima waliwahi kuzipiga picha, na katika sehemu nyingi za njia hizo picha ndizo zilizobaki.

Kisumu ilipata bahati nyingine. Meli ya Uhuru ilirudi kazini mwisho wa mwaka 2019, ikiwa na mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell. Njia ya Nakuru ilitengenezwa mwaka 2020 na 2021, na Desemba 2021 gari la abiria kutoka Nairobi likaingia tena stesheni ya Kisumu. Wazee walikuja kutazama. Na wale waliokuwa na picha za zamani waliweza kuwaonyesha vijana: hapa palikuwa na njia tatu, hapa palikuwa na tangi la maji, hapa ndipo mabehewa yalipopangwa.

MAJINA NYUMA YA PICHA

Hiyo ndiyo faida ya picha ya gari la mizigo. Mji ukitaka kujua ulipoteza nini, na ukitaka kujua la kudai, lazima uwe na ushahidi. Daftari la stesheni huliwa na mchwa, na kumbukumbu ya mzee huenda naye kaburini. Picha hudumu, lakini picha isiyo na maneno ni bubu. Itaonyesha behewa na mtu aliyesimama kando yake, nayo haitasema ni nani.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Watu wa reli walikuwapo, ila hawakuandikwa, na matokeo yake ni yale yale. Mjukuu wa mtia moto akienda leo kutafuta babu yake katika picha za Mau, atakuta namba ya injini.

Basi kijana wa Kisumu, wa Muhoroni au wa Kipkelion aliye na kamera, au simu yenye kamera, ana kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya vema. Mgeni huja siku tatu akaondoka. Mwenyeji anaijua lugha, anaujua mlango wa kupiga hodi, na mara nyingi anamjua mwenyewe aliye pichani. Akiisha kupiga picha ya treni, na asogee karibu, amwombe mshika bendera ruhusa ya kumpiga picha naye. Kisha aandike mambo matano: siku, mahali, mzigo uliobebwa, ulikokuwa ukienda, na majina ya watu kwa namna wapendavyo wenyewe yaandikwe. Nakala moja ampe mwenye sura.

Na kwa picha za zamani zilizomo katika masanduku ya nyumbani, zile zenye baba aliyevaa kofia ya reli, wakati ni mfupi zaidi. Wapo wazee katika nyumba za Kisumu na vijiji vya Kano ambao wakionyeshwa picha moja hutaja majina ya watu sita bila kusita, na jina la mwanamke aliyewauzia uji stesheni. Aulizwe mzee huyo jioni hii, kalamu ikiwa mkononi, na majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli, kwa sababu wino huvuja ukatoboa upande wa pili.